Nisba na Nasaba: Kuenea na Kufifia kwa Jina la Ukoo katika Historia ya Ushairi wa Pwani

Utangulizi

Mwaka 1940 kilichapishwa mjini Johannesburg kitabu cha tungo za Mombasa kilichohaririwa na William Hichens. Katika anwani yake mtunzi ametajwa kwa ukamilifu: Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa mjini Nairobi uchunguzi wake mpana juu ya mtunzi huyo huyo, na katika anwani ya kitabu hicho limebaki jina moja tu: Muyaka. Mtunzi mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki yapata mwaka 1840. Hakuliongeza jina lake baada ya hapo, wala hakulipunguza. Kilichobadilika katika muda wa miaka 39 ni desturi ya wale wanaomtaja.

Tofauti hii huenda ikaonekana kuwa ndogo, lakini inagusa suala ambalo limewashughulisha wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa muda mrefu. Wapo waliozoea kuitazama nisba iliyo mwishoni mwa jina la mtunzi na kuikata kwayo kesi ya asili yake. Mwenye nisba ya Uarabuni huhesabiwa Mwarabu; asiyekuwa nayo huhesabiwa Mwafrika; kisha tungo zenyewe hugawanywa mafungu mawili kwa kufuata majina ya watunzi. Aidha, jina linapokuwa limeenea katika hati, ukoo hudhaniwa kuwa mkubwa. Linapoadimika, ukoo hudhaniwa kuwa umekwisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mkabala huo hauna msingi imara. Katika Pwani ya Afrika Mashariki, wingi au uchache wa jina la ukoo haupimi wingi wa watu wa ukoo. Hupima zaidi nguvu ya sababu zilizowafanya watu walitamke, waliandike au waliache. Sababu hizo ni utawala, ardhi, sheria na karatasi. Mhakiki asiyezizingatia atawatenga ndugu waliokua katika nyumba moja, na atamvika marehemu vazi alilokatiwa na watu wa karne nyingine.

Muundo wa jina la Mswahili

Kabla ya kujadili namna jina linavyoenea, ni muhimu kufafanua ni jina lipi linalozungumziwa. Jina la Mswahili wa Pwani kwa desturi lina sehemu tatu zisizolingana. Kwanza ni jina lake mwenyewe alilopewa alipozaliwa. Pili ni nasaba, yaani mfululizo wa majina ya baba, babu na waliowatangulia, yaliyounganishwa kwa 'bin' au 'binti'. Tatu ni nisba, yaani jina linalomhusisha mtu na kabila, mji au mzazi wa kale: al-Mazrui, al-Busaidi, al-Batawi, Nabahani. Juu ya hizo tatu huweza kuongezwa lakabu, au cheo kama Sayyid, Sharifu, Sheikh, Mwinyi na Mwana.

Katika maisha ya kila siku, nisba si sehemu ya lazima. Jirani hamwiti jirani yake kwa nisba, wala mama hamwiti mwanawe hivyo. Nisba hutolewa panapokuwa na haja, kama vile katika hati ya kadhi, katika barua kwa mtu wa mbali, katika mazungumzo ya posa, au mahali ambapo watu wawili wana jina moja na baba zao pia wana jina moja. Wenyeji wa Mombasa, kwa upande wao, walikuwa na njia nyingine ya kujitambulisha, nayo ni taifa. Wapo watu wa Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Na wapo watu wa Tisa Taifa, miongoni mwao Wamvita, Wajomvu na Wamtwapa. Mtu wa Thenashara Taifa aliweza kuishi umri wake wote akijulikana kwa jina lake, la baba yake na la taifa lake, bila ya nisba kuandikwa popote.

Nasaba nayo ina tabia yake. Tuseme kuna mtu aitwaye Omari bin Salimu bin Athumani. Mwanawe ataitwa Juma bin Omari bin Salimu. Mjukuu ataitwa Hamisi bin Juma bin Omari. Katika hatua ya pili jina la Athumani limekwisha kuondoka, na katika hatua ya tatu la Salimu limeondoka. Hakuna aliyekufa bila mrithi, wala hakuna ukoo uliokatika. Majina yamesogea tu, kila kizazi kikiongeza moja mwanzoni na kuliacha moja mwishoni. Kwa hiyo anayehesabu jina la mwisho katika orodha kama hii, akidhani kwamba anahesabu koo, huwa anahesabu mababu wanaopita.

Kwa wanawake hali hii hudhihirika zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake maarufu mwaka 1858, aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mume huyo historia inamkumbuka zaidi kwa lakabu kuliko kwa nasaba. Binti yao, ambaye utendi ulitungwa kwa ajili yake, anajulikana kama Mwana Hashima binti Sheikh, kwa kuwa baba yake alikuwa Sheikh wa Siyu. Mama ni binti Mshamu, baba ni Mataka, mwana ni binti Sheikh. Watu watatu wa nyumba moja hawana hata jina moja wanaloshirikiana. Mwana Hashima aliishi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na alichangia katika kuhifadhiwa kwa matini ambayo Alice Werner na William Hichens waliichapisha mwaka 1934. Uhusiano wake na mtunzi unajulikana kwa sababu watu waliusimulia. Jina peke yake lisingeweza kuutambulisha.

Nadharia ya kufa kwa majina

Swali la jinsi majina ya koo yanavyoenea na kupotea liliwahi kuulizwa Ulaya kwa njia ya hesabu. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton alitaka kujua kwa nini majina ya familia nyingi zilizowahi kuvuma yalikuwa yametoweka. Padri Henry William Watson alimjibu, na mwaka 1874 wawili hao wakatoa makala ya pamoja juu ya jambo hilo. Hoja yao ni rahisi kueleweka. Ikiwa jina hurithiwa na watoto wa kiume pekee, basi kila mwanamume anayekufa bila mtoto wa kiume hukata tawi moja la jina. Jina lenye wachukuzi wachache linaweza kupotea kwa bahati mbaya ya kizazi kimoja au viwili, hali jina lenye wachukuzi wengi lina kinga ya wingi wake. Watson alifikia hatua ya kusema kwamba majina yote mwishowe hufa. Wanahisabati waliofuata walimsahihisha: ikiwa kila mwanamume kwa wastani huacha zaidi ya mtoto mmoja wa kiume, jina lina nafasi ya kudumu, ingawa halina hakika.

Nadharia hii inaeleza mengi, lakini inasimama juu ya sharti moja, kwamba jina lipitishwe kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila kubadilika, na asilichukue mtu mwingine yeyote. Sharti hilo halikutimia kila mahali. Nchini Korea, kwa mfano, watu wengi wa tabaka la chini hawakuwa na jina la ukoo hadi karne ya 19. Baada ya mfumo wa matabaka kufutwa mwaka 1894, na baada ya sheria ya uandikishaji ya 1909, kila mtu alilazimika kuwa nalo, na wengi walichagua majina ya koo zenye heshima. Katika sensa ya Korea Kusini ya mwaka 2015, zaidi ya mtu mmoja katika kila watu watano aliitwa Kim. Haiwezekani kudai kwamba wote hao ni uzao wa wanaume wachache wa kale. Jina lilikua haraka kuliko ukoo, kwa kuwa mlango wa kuingilia ulikuwa umefunguliwa.

Mfano huo una faida kwa mchunguzi wa Pwani. Unamkumbusha kwamba jina lina njia mbili za kuongezeka, yaani kwa kuzaliwa na kwa kuchukuliwa. Na lina njia mbili za kupungua, yaani kwa kufa na kwa kuachwa. Hesabu ya Galton na Watson inatazama kuzaliwa na kufa. Historia ya nisba za Waswahili inahusu zaidi kuchukuliwa na kuachwa.

Majina ya watawala: Wanabahani na Wamazrui

Habari za Pate zinasimulia kwamba Sulaiman wa ukoo wa Nabahani alifika kutoka Omani, akamwoa binti wa mfalme wa Wabatawi waliokuwa wenyeji wa mji, na kwa ndoa hiyo akaupata ufalme. Habari hizo zinaiweka ndoa hiyo karibu na mwaka 600 wa Hijra, yaani mwanzoni mwa karne ya 13. Tarehe hiyo ilitiliwa shaka na Neville Chittick mwaka 1969, na haihitaji kukubaliwa ili funzo la kisa lieleweke. Kwa mujibu wa kisa chenyewe, ufalme ulipita kwa mwanamke, lakini jina lililobaki juu ya kiti ni la mwanamume. Damu ya Wabatawi iliendelea kutawala chini ya jina la Wanabahani.

La kushangaza zaidi ni kwamba wafalme wenyewe, katika masimulizi hayo, hutajwa kwa nadra kwa nisba yao. Wanaitwa Bwana Tamu Mkuu, Mwana Khadija, Fumo Madi, Fumo Luti. 'Bwana', 'Mwana' na 'Fumo' ni vyeo vya Kiswahili, na aghalabu jina linalofuata ni lakabu ya Kiswahili pia. Wakati nguvu zao zilipokuwa nyingi, Wanabahani hawakuwa na haja ya kujiita Nabahani, kwani kila mtu Pate aliwajua. Jina hilo linaonekana kwa uthabiti zaidi baada ya ufalme kwisha. Katika karne ya 20, Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu na mtunzi wa Sambo ya Kiwandeo (1979), alilibeba kama jina lake la mwisho juu ya majalada ya vitabu. Ufalme ulipokuwa hai, jina lilikaa kimya. Ulipokufa, jina likaanza kufanya kazi ya kumbukumbu.

Wabatawi nao hawakupotea. Mtu aliyehifadhi sehemu kubwa ya tungo za Muyaka, akamsaidia W. E. Taylor kuzikusanya na kuzifafanua, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Nisba ambayo katika Habari za Pate ni ya walioondokewa na kiti, inakutwa Mombasa karne ya 19 ikiwa ya mlinzi wa ushairi wa mji.

Historia ya Wamazrui inaonyesha upande mwingine. Ukoo huu wa asili ya Omani uliitawala Mombasa kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, mpaka Sayyid Said bin Sultan alipouteka mji mwaka 1837. Wakuu wao walikamatwa wakapelekwa uhamishoni katika Ghuba ya Uajemi, na waliosalia wakagawanyika, wengine wakakaa Gazi, kusini ya Mombasa, wengine Takaungu, kaskazini yake. Vita vya 1895–1896 dhidi ya Waingereza vilimalizika kwa Mbaruk bin Rashid wa Gazi kukimbilia upande wa Wadachi, Tanganyika. Kwa kufuata dhana ya kwamba jina huandamana na nguvu za dola, jina la Mazrui lingetarajiwa kufifia baada ya hapo. Halikufifia.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ardhi. Katika utawala wa Waingereza eneo la Takaungu liliwekwa chini ya amana iliyokuwa na sheria yake, nayo sheria ikabeba jina la Mazrui mpaka ilipofutwa mwaka 1989. Jina lililoandikwa katika sheria ya ardhi haliachwi ovyo, kwani kuliacha ni kuacha haki. Sababu ya pili ni elimu. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyeanzisha al-Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, aliandika pia historia ya ukoo wake. Mwanawe alijulikana duniani kama Ali A. Mazrui (1933–2014). Alamin Mazrui, mtunzi wa Kilio cha Haki (1981) na Chembe cha Moyo (1988), analitumia jina hilo hilo. Tazama umbo lake lilivyobadilika: 'bin' imeondoka, 'al-' imeondoka, na nisba ambayo zamani ilitamkwa panapohitajika sasa ndiyo inayotangulia katika orodha za maktaba. Ni neno lilelile, lakini kazi yake si ileile.

Sheria na thamani ya nisba

Utawala wa kikoloni uliipa nisba thamani ambayo haikuwa nayo kabla yake. Serikali iliyoanzishwa Kenya baada ya 1895 iliwagawa watu kwa misingi ya asili, na mgao huo ulikuwa na matokeo ya kila siku: kodi gani mtu alipe, kama achukue kipande au asichukue, mtoto wake asome wapi, na nani amwakilishe. Watu wa Thenashara Taifa walijikuta wakiwekwa katika fungu la 'wenyeji', hali majirani zao waliotambuliwa kuwa Waarabu waliwekwa katika fungu jingine. Coast Arab Association iliyoundwa mwaka 1921 haikuwapokea Thenashara Taifa, nao mwaka 1927 wakaunda Afro-Asian Association ili kujidai haki zao. Waarabu walipopata mwakilishi wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya 1920, Thenashara Taifa hawakuhesabiwa miongoni mwa wapiga kura hao. Historia hii imeelezwa kwa kirefu na Ahmed Idha Salim katika kitabu chake cha 1973.

Katika mazingira kama hayo, nisba haikuwa tena jambo la adabu au la kumbukumbu tu. Ilikuwa ushahidi. Mtu aliyekuwa na babu wa Kiarabu miongoni mwa mababu wengi alikuwa na sababu nzito ya kumtaja huyo na kuwanyamazia wengine. Hapana haja ya kumlaumu. Nasaba ya kila Mswahili ina matawi mengi, na mtu anayeulizwa na karani achague tawi moja hulichagua lile litakalompunguzia dhiki.

Unguja na Pemba zilitoa mfano wa wazi wa jambo hili. Katika sensa ya 1924 zaidi ya watu 33,000 waliandikishwa kuwa Waswahili. Katika ile ya 1931 idadi hiyo ilishuka hadi kiasi cha 2,000, na waliojiandikisha kuwa Waarabu au Washirazi wakaongezeka mno. Hapakuwa na tauni iliyowaua Waswahili katika miaka hiyo saba. Watu walikuwa walewale, katika nyumba zilezile. Walichokibadilisha ni jibu. Ingawa hapa ni jina la kabila na si la ukoo, mantiki ni moja, kwani nisba ndiyo daraja baina ya mawili hayo.

Thamani inayopandishwa na dola huweza pia kushushwa na dola. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipouondoa ufalme wa al-Busaidi, Sultani Jamshid bin Abdullah alikimbilia Uingereza na wengi wa wale waliohesabiwa Waarabu waliuawa au walitawanyika. Jina ambalo jana lilikuwa ngao liligeuka kuwa hatari. Lakini baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Omani mwaka 1970, Wazanzibari wa asili ya huko walipokaribishwa kurejea, nisba ileile ilikuwa ndiyo alama ya kutambuliwa. Katika muda usiofika miaka 10, jina moja lilikuwa sababu ya kujificha upande mmoja wa bahari na sababu ya kupokewa upande wa pili.

Hati, tahajia na jina la tatu

Kando ya sheria, njia yenyewe ya kuandika ilibadilisha hesabu ya majina. Katika hati za Kiarabu nisba huandikwa kwa umbo moja linalojulikana. Zilipoanza kutumika herufi za Kirumi, umbo hilo lilipasuka. Jina moja likawa Nabahani, Nabhani na Nabhany. Jingine likawa al-Busaidi, el-Busaidy na Busaidi. Katika orodha inayofuata alfabeti, wa 'al-' amekaa chini ya A, wa 'el-' chini ya E, na yule aliyeacha vyote viwili amekaa chini ya herufi ya nisba yenyewe. Msomaji wa orodha huona majina matatu adimu mahali ambapo kuna jina moja la kawaida.

Uandikishaji wa serikali ulileta badiliko kubwa zaidi. Fomu iliyotengenezwa kwa kufuata desturi ya Kiingereza hutaka jina la ukoo, na karani aliyeletewa 'Juma bin Omari bin Salimu' aliliona Salimu mwishoni akalifanya ndilo jina la ukoo. Kwa njia hiyo majina ya mababu, yaliyokuwa yakisogea kizazi baada ya kizazi, yaligandishwa. Tangu hapo anayehesabu majina ya mwisho katika Pwani atakuta Mohamed, Ali, Abdalla na Salim yakiongoza, na huenda akadhani amegundua koo kubwa. Lakini hayo ni majina ya watu binafsi, yaliyoenea kwa sababu ya dini na mapenzi ya wazazi. Wawili wanaoitwa Salim mwishoni huenda wasiwe na babu wa pamoja hata mmoja anayejulikana.

Kinyume chake ni kweli pia, na historia ya ushairi wa Mombasa ina mfano mzuri. Abdilatif Abdalla, mtunzi wa Sauti ya Dhiki (1973), alilelewa na mzee wa ukoo wake, Ahmad Basheikh, aliyekuwa mshairi. Miongoni mwa kaka zake ni Sheikh Abdilahi Nassir (1932–2022), mwanachuoni, na Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971). Katika orodha ya maktaba hawa wako mbali mbali: Abdalla, Basheikh, Nassir, Bhalo. Mwenye kutegemea jina atawahesabu kuwa koo nne, na hatatambua kwamba mbele yake ipo nyumba moja ya ushairi na elimu. Zaidi ya hayo, Ahmad Nassir mwenyewe alitajwa kama Ahmad Nassir bin Juma Bhalo katika kitabu cha 1966, na miaka mitano baadaye diwani yake ikapewa anwani ndogo ya Diwani ya Ustadh Bhalo. Mtu mmoja, akiwa hai, alikuwa na majina mawili ya kuorodheshwa.

Isidhaniwe kwamba tatizo hili ni la Waislamu wa Pwani peke yao. 'Wa' ya Kigĩkũyũ hufanya kazi ile ile ya 'bin'. Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025), aliyeliacha jina la James, ni Ngũgĩ mwana wa Thiong'o; na mwanawe mwandishi ni Mũkoma wa Ngũgĩ. Jina la Thiong'o halikupita kwenda kizazi cha tatu, na jina la Ngũgĩ, lililokuwa la mtu, limeanza kuonekana kama la familia. Orodha ya maktaba isiyoelewa 'wa' humgawa baba na mwana kama isivyoielewa 'bin'.

Athari kwa uhakiki

Yaliyoelezwa hapo juu yana athari tatu kwa mhakiki na mwanahistoria wa fasihi. Kwanza, nisba inapaswa kusomwa pamoja na tarehe ya hati inamoonekana. Swali la kuulizwa si kama mtunzi alikuwa na nisba fulani, bali ni nani aliyeiandika, lini, na kwa ajili ya nani. Nisba ya al-Ghassaniy katika anwani ya 1940 ni habari kuhusu namna Muyaka alivyotambulishwa mwaka 1940, wakati ambapo kuwa na nisba kulikuwa na uzito wa kisheria na wa kijamii. Haimwondoi Muyaka katika Mombasa, mji ambao lahaja yake, mizaha yake na vita vyake ndivyo vilivyozijaza tungo zake.

Pili, uhusiano baina ya watunzi hauna budi kutafutwa nje ya jina la mwisho. Utafutwe katika upande wa kuukeni, katika malezi, katika chuo alikosoma mtu na kwa mwalimu aliyemfundisha. Mwana Kupona na Mwana Hashima, Sikujua na Muyaka, Abdilatif na kaka zake, wote wameunganishwa na mambo hayo. Ushairi wa Kiswahili ulirithiwa kwa masikio, na mwenye kurithi kwa masikio si lazima awe amerithi jina.

Tatu, hoja ya asili ya fasihi ya Kiswahili haiwezi kuamuliwa kwa kuhesabu nisba. Anayedai kwamba fasihi hii ni ya kigeni kwa kuwa watunzi wake wengi wana nisba za Uarabuni, na anayemjibu kwa kuzitafuta nisba chache zisizo za huko, wote wawili wamekubaliana juu ya kipimo kibovu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo imetumiwa mara nyingi kuwalaumu Waswahili kwamba wamekimbilia asili ya wengine. Lakini historia ya nisba inaonyesha kwamba aliyeshika tawi moja la nasaba yake mbele ya karani hakuyakata mengine. Aliendelea kusema Kiswahili nyumbani, kuoa kwa jirani yake, na kutunga kwa bahari za mashairi alizozikuta.

Hitimisho

Makala haya yamejadili namna jina la ukoo linavyoenea na kufifia katika Pwani, na yameonyesha kwamba mabadiliko hayo hayafuati idadi ya watu wa ukoo. Jina la Nabahani lilinyamaza wakati wa enzi likazungumza baada yake. Jina la Mazrui lilidumu kwa ardhi na kalamu baada ya kupoteza ngome. Majina ya mababu yaligandishwa na fomu yakaonekana kuwa ya koo. Nisba zilipanda na kushuka kwa kufuata kile ambacho dola ilikitoa au ilikinyima.

Kazi iliyobaki ni ya mikono. Kila hati ya utendi au shairi inayohaririwa upya iorodheshwe pamoja na jina la mtunzi kama lilivyo katika hati hiyo, bila kuongezewa nisba iliyotoka penginepo na bila kupunguziwa nasaba iliyomo. Mwenye kuhariri aseme ni hati ipi ina 'bin' ngapi, na nisba ilianza kuonekana katika nakala ya mwaka gani. Wazee wanaojua nani alikuwa ndugu ya nani wanapungua kila mwaka, na wakishaondoka kitabaki kile kilichoandikwa. Ikiwa kilichoandikwa ni jina la tatu katika fomu, basi kizazi kijacho cha wanafunzi kitasoma historia ya fomu kikidhani kinasoma historia ya watunzi.